Mkaguzi wa Kauli Fupi

Sijawahi kumpenda Mkaguzi, na nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda wake akingoja nilainike. Wapo watu wengi Sumbawanga wanaomkumbuka kwa heshima, hasa wale ambao hawakuwahi kufanya naye kazi. Mimi nilifanya naye kazi miaka minne. Ndiye aliyeanzisha tovuti ya Kauli Fupi, ile ambamo watu waliandika maneno machache kuhusu mgahawa, fundi, mashine ya kusaga au nyumba ya wageni, ili mgeni akishuka kwenye basi ajue pa kwenda. Aliianzisha kwa mdomo. Kwa mikono niliijenga mimi, dukani kwangu Katandala, kwenye steshenari yangu ya kuchapa na kutoa fotokopi, na kompyuta ikiwa imeegemezwa kwenye katoni za karatasi.

Alikuwa amestaafu ukaguzi wa shule zamani, lakini ukaguzi ulikuwa haujamstaafu yeye. Serikali ilipobadili jina la cheo hicho, alikasirika kama mtu aliyebadilishiwa jina la ubatizo. "Mimi nilikagua," alisema. "Hayo mengine watajua wenyewe." Basi mji mzima ukaendelea kumwita Mkaguzi, na aliitika hilo tu. Alivaa suti ya kaunda ya rangi ya udongo, mwezi wa sita upepo wa Ufipa unapochoma akaongeza koti la sufu juu yake, na mfukoni mwa kifua alipanga kalamu tatu: ya bluu, nyeusi na nyekundu. Katika miaka yote ile sikumwona akitumia ya bluu.

Salamu aliipokea kama mtu anayekusanya kodi. Ukisema shikamoo, alijibu marahaba akiwa ameshakupita. Ukikosea ukasema habari za asubuhi, alisimama palepale barabarani, bodaboda zikimkwepa, akangoja mpaka ujirekebishe. Niliwahi kumwona akimngoja hivyo mwanamke aliyebeba debe la maji kichwani.

Mimi alinikagua nikiwa darasa la tano, kijijini Mwimbi. Aliingia darasani, akaninyooshea rula nisome. Nikasoma. Akamgeukia mwalimu wangu, akasema mbele ya wenzangu wote, "Huyu anasoma kama mtu anayekanyaga mawe kwa miguu mitupu." Darasa likacheka, na mwalimu naye akacheka kwa sababu alikuwa anaogopa. Miaka ishirini baadaye, alipoingia dukani kwangu na daftari kwapani, nilisimama kabla sijajua kwamba nimesimama.

Alikuwa ametoka Dodoma kumtembelea bintiye. Huko aliona watu wakichagua pa kula kwa kusoma kwenye simu maoni ya wengine waliokwisha kula hapo, akarudi kama aliyeshushiwa wahyi. "Binti," akaniambia, "watu wetu wanaongea sana na hawasemi kitu. Tutawafundisha kusema kwa maneno ishirini." Kanuni hiyo ya maneno ishirini alinieleza kuanzia saa nane mchana mpaka nilipowasha taa. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema jambo lolote kwa maneno ishirini, hata kuomba maji.

Kompyuta aliiita chombo. Hakuigusa. Alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, akitoa amri: sogeza hiki, futa kile, weka picha ya ng'ombe. Nilimwambia ng'ombe hahusiki na migahawa, akasema ng'ombe anahusika na kila kitu. Na kwa kuwa hakuweza kusoma kwenye skrini bila kuumwa kichwa, kila Ijumaa nilimchapia tovuti nzima kwenye karatasi, kurasa zote, akaenda nayo nyumbani kwake Pito, akairudisha Jumatatu imejaa wino mwekundu. Nadhani ilikuwa tovuti pekee iliyosahihishwa kwa kalamu.

Kuikuza ndiko kulikotutoa jasho. Miezi ya mwanzo walioandika walikuwa vijana watatu wa stendi, na wote waliandika kuhusu msichana mmoja wa duka la vocha. Watu wazima wa mjini walikuwa na simu, lakini bando la kusifia maharage ya mtu hawakuwa nalo. Hapo Mkaguzi akabuni vikaratasi. Tulikata karatasi moja vipande vinne, kila kipande kina nafasi ya jina la mahali, nafasi ya kauli, na mstari wa alama. Tukatoboa maboksi ya sabuni, tukayaweka kwenye mashine za kusaga, kwenye duka la jumla la mzee mmoja karibu na msikiti, stendi, na nje ya kanisa baada ya misa ya pili. Kila Alhamisi aliyapitia yote kwa miguu, akaniletea vikaratasi nivichape.

Nitampa haki yake hapa, kwa sababu sitaki aseme nimemsingizia. Hakuwa mla rushwa. Mwenye bucha mmoja alimletea nusu mbuzi ili asifiwe, akamrudisha na mbuzi wake mchana kweupe, akimpigia kelele mpaka watu wakatoka madukani kutazama. Na mara moja, kikaratasi kilipotaja fundi baiskeli huko mashambani ambaye hakuna aliyemjua, alitembea kwenye tope la masika kuhakikisha fundi huyo yupo. Yupo. Mkaguzi akarudi amelowa hadi magotini, akasema, "Andika." Mtu mwenye miguu ya namna hiyo na kichwa cha namna ile, Mungu alikuwa anatafuta nini?

Sasa niseme habari ya alama, maana ndiyo iliyotuangusha.

Kikaratasi alikitunga mwenyewe. Kwenye mstari wa mwisho aliandika: Zungushia alama, 1 2 3 4 5. Basi. Nilimuuliza, "Mkaguzi, tusiandike kwamba tano ndiyo nzuri kabisa?" Akanitazama kwa juu ya miwani. "Mtu asiyejua kwamba tano ni kubwa kuliko moja hana maoni ninayoyahitaji." Nikachapa kama alivyotaka.

Lakini sisi nchi hii imetulea kwa daraja. Daraja la kwanza ni la wenye akili, la nne ni la kurudi nyumbani kimyakimya, na sifuri haitajwi mbele ya wageni. Mtoto akileta karatasi ya matokeo, mzazi haulizi amepata ngapi, anauliza amekuwa wa ngapi, na akiwa wa kwanza kuku anachinjwa. Mpe mtu wa namna hiyo penseli akiwa kwenye foleni ya kusaga, mwambie ampe alama mama ntilie anayempenda kuliko wote. Atazungushia moja, na ataizungushia mara mbili ili isionekane kwamba amekosea. Mkaguzi, aliyetumia maisha yake yote kupanga watoto wa watu wa kwanza na wa mwisho, hakuliona hilo. Kweli nyani haoni kundule.

Orodha ikatoka kichwa chini, miguu juu. Kileleni kwa nyumba za wageni ikakaa moja ambayo mtu alikuwa ameiandikia: Kunguni wa hapa wanawajua wageni kwa majina. Alama, 5. Kwenye mabucha akaongoza yule yule wa nusu mbuzi: Nyama anapima pamoja na kidole chake. Alama, 5. Mwenye bucha akachapisha ukurasa ule, akautia kwenye fremu, akautundika juu ya mizani. Duka langu lilikuwa la pili mjini, na sitaficha kwamba nilifurahi. Wateja wangu wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo, wanaojua mambo ya simu, wakinipa nne na tano kwa maana niliyoitaka mimi.

Na chini kabisa kwenye migahawa alikuwa Dada Skola.

Dada Skola ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Nilipomaliza la saba Mwimbi ndiye aliyenichukua, na sufuria zake ndizo zilizonipeleka Mbeya kusoma kompyuta. Alipika ugali wa ulezi, maharage, mlenda, samaki kutoka ziwani, na kuku wa kienyeji siku za sikukuu. Hakuwa na kibao mlangoni. "Kizuri chajiuza," alikuwa akisema, na kwa miaka mingi ilikuwa kweli. Kisha mji ukaanza kupata semina na wageni wa miradi, naye akaona ndipo penye riziki. Akaacha kibanda chake cha zamani, akapanga ukumbi wa meza kumi na mbili kando ya barabara kubwa, akaajiri wasichana wawili, akashona na vitambaa vya meza. Kila kitu alichokuwa nacho alikiingiza mle ndani. Wageni wakawa wanashuka kwenye basi, wanafungua simu kabla hawajafungua begi, wanamkuta Dada Skola wa mwisho.

Mtu yeyote mwenye macho angeweza kusoma kauli zake. Ugali wake unanikumbusha marehemu mama. Alama, 1. Nimekula hapa tangu sijaoa. Alama, 1. Mungu amzidishie mikono. Alama, 1. Niliziweka mbele ya Mkaguzi, moja baada ya nyingine. Alizisoma zote, akarekebisha nukta mbili, kisha akanipa nadharia yake. "Watu wetu ni wapole, binti. Hawawezi kumsema mtu vibaya kwa maneno, maana kesho watakutana naye kisimani. Kwa maneno wanasifu. Kwa namba wanasema kweli." Nadharia hiyo ilimpendeza sana. Akaenda kuirudia kwenye redio ya hapa mjini, nusu saa nzima, na mtangazaji akawa anaitika, "Kwa kweli, Mkaguzi. Kwa kweli." Debe tupu haliachi kuvuma, na siku hiyo lilipewa na kipaza sauti.

Jambo ambalo mpaka leo linanichemsha damu ni hili: yeye mwenyewe alikuwa anakula kwa Dada Skola. Kila siku, isipokuwa Jumapili. Meza ya dirishani, ugali wa ulezi, kitoweo kidogo, mchuzi mwingi. Akimaliza alijifuta mdomo kwa leso, akasema, "Inatosha," akaondoka. Hakuwahi kujaza kikaratasi hata kimoja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Msimamizi wa mtihani hafanyi mtihani."

Kuhusu vikaratasi, ukweli nilikuja kuupata kwa bibi mmoja wa Pito aliyeingia dukani kwangu kupiga picha za kitambulisho. Akaliona boksi, akaomba kikaratasi amsifie Dada Skola. Nilimsaidia kuandika, na alama akazungushia mwenyewe, moja.

"Bibi," nikamuuliza, "mbona umempa moja?"

"Ulitaka nimpe la tano?" akaniuliza kwa mshangao. "Amenikosea nini?"

Nilifunga duka, nikapanda bodaboda hadi nyumbani kwa Mkaguzi. Nikamkuta barazani na kurasa za Ijumaa magotini. Nikamweleza yote, yule bibi na jibu lake, madaraja ya shule, kunguni na bucha. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo wote wamekosea?"

"Siyo wote. Vijana wamejaza kwa maana yetu. Wakubwa wengi wamejaza kwa maana yao."

"Na hukuweka alama ya kutofautisha nani kijana nani mkubwa."

"Kikaratasi hakina sehemu hiyo, Mkaguzi. Tuvitupe vyote, tuandike vipya vyenye maelezo. Au angalau tuondoe namba, tuache kauli. Dada anaangamia."

Akazipanga karatasi zake, akazigonga gotini zikae sawa. "Nimetoka redioni wiki iliyopita," akasema. "Mtihani ukishasahihishwa na matokeo yakishatangazwa, haurudiwi kwa sababu dada wa msahihishaji ameshindwa."

Nikasema, "Sawa, Mkaguzi." Hayo ndiyo maneno niliyoyasema.

Dada Skola naye alijaribu kwa njia yake. Siku moja, mchana, mimi nikiwa mle ukumbini nakunywa chai, alijifuta mikono kwenye aproni akaenda kwenye meza ya dirishani. Ukumbi ulikuwa na wateja wanne. Alikunja goti kidogo, kama tunavyofanya mbele ya wakubwa.

"Shikamoo, Mkaguzi. Naomba nikuulize kitu. Chakula changu kina kasoro gani, ili nikirekebishe?"

"Marahaba. Malalamiko, mama, yanaandikwa. Hayasemwi."

Dada akaenda akatafuta kalamu. Aliandika kwa muda mrefu, akiwa amesimama kwenye kaunta, midomo ikitembea. Alisoma hadi darasa la nne tu, akiwa mkubwa wa watoto saba. Akarudi, akaiweka karatasi kando ya sahani kwa mikono miwili. Mkaguzi akaweka kijiko chini, akatoa kalamu nyekundu, akaipitia mstari kwa mstari. Alizungushia makosa, akaandika juu ya kila kosa neno sahihi, akahesabu maneno. Kisha akamrudishia. "Yamezidi ishirini," akasema. "Punguza, uniletee kesho." Akaendelea kula.

Dada Skola aliikunja karatasi ile ndogo kabisa, akaitia mfukoni mwa aproni. Nilitaka nimmwagie yule mzee chai yangu kichwani, na ilikuwa bado ya moto. Sikumwagia. Nilimaliza kikombe nikarudi dukani, maana ilikuwa Ijumaa na nilikuwa na kurasa za kuchapa.

Ukumbi ulifungwa kabla ya mavuno. Semina moja kubwa ya siku kumi ilikuwa ndiyo tumaini lake la mwisho. Waandaaji walikuja, wakala, wakasifu, mmoja wao akaomba aongezewe mlenda. Kisha wakamwonyesha dada simu, wakamwambia wakubwa wao watauliza kwa nini wamechagua wa mwisho. Wakaenda kwingine. Siku ya kufunga, Mkaguzi alifika kula kama kawaida, akakuta wasichana wanabeba meza. Alisimama mlangoni na leso mkononi, kisha akageuka akaondoka. Dada alirudi Mwimbi kulima ulezi na mahindi kwenye shamba la mumewe, na sufuria kubwa akaziacha kwangu, zikakaa stoo.

Kauli Fupi ilikufa mwaka uliofuata. Haikufa kwa aibu, kama ilivyostahili. Ilikufa kwa sababu wageni waliolala na kunguni hawakurudi kuisoma, na wenyeji hawakuwa wameihitaji tangu mwanzo. Mkaguzi aliumia mguu, akaacha kuzungukia maboksi, na mimi nikaacha kulipia jina la tovuti. Baadhi ya maboksi kuku wa watu walikuja kutagia humo.

Sikumwona tena kwa muda mrefu, hadi mwezi wa saba uliopita. Aliingia dukani akitembelea fimbo, na bahasha ya karatasi za uhakiki wa wastaafu. Alihitaji picha ndogo nne na fotokopi. Suti ilikuwa ile ile, imekuwa kubwa kwake. Nikamwamkia, akaitikia akiwa ananitazama usoni. Nikamkalisha kwenye stuli, nikamsogeza kidevu, nikampiga picha. Printa ilikuwa nzito kwa sababu ya baridi, ikabidi tungoje.

"Yule dada yako," akasema, "bado anapika?"

"Analima."

"Tangu afunge sijala vizuri. Nakula kwa jirani. Chumvi tupu."

Hapo nikapasuka. Nilimwambia kila kitu nilichokuwa nimekiweka kifuani, kwa sauti, mbele ya mteja mmoja aliyekuwa anangoja kuchapiwa barua. Nilimwambia kwamba aliyemfunga dada yangu ni yeye, kwamba alikuwa anakula chakula kile kila siku huku akitangazia dunia kwamba ni cha mwisho, kwamba nilimletea ushahidi nyumbani kwake akaukalia kwa sababu ya kiburi na nusu saa ya redio. Nilimwambia kwamba alitumia maisha yake kuwatisha watoto na watu wasiojua kuandika. Yule mteja akatoka nje taratibu. Mkaguzi alikaa na mikono miwili juu ya fimbo mpaka nikaishiwa pumzi.

"Chombo kile," akaniuliza, "alikuwa anakibonyeza nani?"

"Mimi."

"Mimi nilijua kukifungua?"

"Hukujua."

"Ungegeuza namba za dada yako siku ile ile, ningefanya nini?"

"Ungeona kwenye karatasi za Ijumaa."

"Ningeona," akasema. "Tangu ulipotoka barazani kwangu, kila Ijumaa nilianza na ukurasa wa migahawa. Nilikuwa natafuta kama umebadilisha. Nisingesema kitu, binti. Ningekula nikanyamaza."

 Yapo mengi ya kumjibu: kwamba mtu mzima hangojei msichana amtolee kosa lake, kwamba mwoga hana haki ya kumhukumu mwoga mwenzake. Yote yalikuja baadaye, nikiwa nafagia.  Picha zikatoka, nikazikata nne, nikazitia kwenye bahasha pamoja na fotokopi zake. Akalipa, akaaga, akashuka ngazi mguu mmoja baada ya mwingine.

Dada Skola huja mjini kila mwisho wa mwezi, ananiletea unga wa ulezi, tunakaa humu dukani tunaongea mpaka bodaboda yake ifike. Anajua vizuri nani alikuwa anakibonyeza chombo kile. Hajawahi kuniuliza.